Treni Tupu

Minneapolis, 9 Februari 2006

Shikamoo Mama,

Huku theluji bado haijaisha. Wajukuu zako wanakusalimu, ingawa ukiwasemesha Kiswahili wanajibu Kiingereza.

Uliomba picha ya Baba akiwa huku Amerika, uiweke mezani siku ya arobaini yake, maana ile ya pasipoti haifanani naye. Nimepekua maboksi yake yote mawili. Ni treni za Uingereza tupu, tangu alipokwenda kusomea reli mwaka 1969 hadi safari yake ya mwisho huko. Nyuma ya kila picha ameandika stesheni, tarehe na namba ya injini. Watu hamna. Unamjua mumeo, alisubiri abiria wote waondoke ndipo apige.

Nami nimeishi naye miaka mitatu, sikumpiga picha hata moja. Mwezi uliopita, kwenye kituo cha treni cha Cedar, alinipa kamera yake akasema, "Dativa, leo nipige picha mimi, treni ikija." Hakuwahi kuomba hivyo. Nikamwambia nimechelewa kazini, tutapiga kesho. Akairudisha ndani ya koti, asiniambie tena. Wiki iliyofuata moyo wake ukasimama.

Nakutumia picha moja, nje ya mji wa York, 1974. Treni inapita, na chini kwenye kokoto kuna kivuli cha mtu mwenye kofia. Ndiye yeye. Iweke hiyo.

Wakikuuliza kwa nini binti yake hakumpiga picha, waambie kamera iliharibika. Ninayo hapa, ni nzima.

Mwanao,
Dativa