Huyo Anayekula Ndagala

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Lusaka. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Na maji ya mto Mulongwe, hayajawafikia huko Kilibula? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Bado nashona sare za shule kwa yule mama wa sokoni. Mgongo unauma lakini kazi ipo.

Nimesikia kwamba Jumapili utasimama kanisani na huyo mtu, mumshukuru Mungu kwamba Muhire amerudi. Mama, nakuomba usubiri. Ukishasema mbele ya watu kwamba ni yeye, hakuna atakayemtafuta tena ndugu yangu. Je, kama Muhire wetu yuko mahali anatungoja?

Unasema ana kovu mguuni. Nani aliyechunga ng'ombe kule milimani hana kovu? Tulipotawanyika wakati wa vita alikuwa mtoto. Huyu ana ndevu. Tena mama mdogo ameniambia anakula ndagala, vile visamaki vya ziwani, na kuomba aongezwe. Muhire yule yule aliyekuwa akiziba pua tukipita kwa wavuvi, akisema samaki na maziwa haviingii tumbo moja! Unasema njaa ilimfundisha. Inawezekana, lakini mimi sijaridhika.

Jirani yangu hapa ni mwalimu wa filozofia, Mkongomani mwenzetu. Anasema wasomi wamebishana sana juu ya jambo hili. Wengine wanasema mtu ni mwili wake, hata ukizeeka. Wengine wanasema ni kumbukumbu: anayeukumbuka utoto wa Muhire kwa sababu aliuishi, huyo ndiye Muhire. Nikamuuliza, na kama amesimuliwa tu? Akacheka, akasema hapo hapo ndipo wanapobishana. Elimu gani hiyo.

Basi nikampigia simu huyo mtu mwenyewe, nikamwambia anitajie ng'ombe wa Baba. Akawataja kwa mpangilio wa kuingia kwao zizini, Bihogo mbele, mpaka yule aliyeanguka korongoni. Nusura nimwite ndugu yangu. Nikajikaza: hayo hata watoto wa majirani tuliochunga nao wanayajua. Tena amekumbuka mno. Muhire wetu ukimtuma chumvi alirudi na kuni.

Akaniuliza kwa upole, akiniita dada kwa lugha ya huko nyumbani: "Na weye, Yaya? Ile ngombe Papa alikupatia, jina yake ni nani? Minye sijue kama ni weye kweli. Sauti yako iko ya watu ya kule."

Nilitafuta jina hilo, Mama, sikulipata. Nakumbuka pembe yake moja iliyopinda na joto la shingo yake. Jina, hakuna. Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata. Tangu hapo nina hasira, wala sijui namkasirikia nani. Hapa mimi nakula samaki, hata viwavi, na watu wameniita Mama Mashini, kwa ajili ya cherehani, mpaka nimezoea kuitika.

Bado simwamini. Ila kwa kipimo nilichompimia, yeye amepita, mimi nimeshindwa.

Nisalimie mama mdogo, shemeji yangu fundi baiskeli, na mchungaji wetu. Na huyo pia, msalimie.

Nikija Krismasi, Mama, unitazame vizuri pale mlangoni kabla hujaniita mwanangu.

Ni mimi,
Esta wako