Kofia Aliyoivaa Gethin

Mtaa wa Juu,
Pentre-wern,
Wales Kusini.
12 Novemba 1933

Mpendwa kaka Ifor,

Pokea salamu zetu, wewe na nyumba yako. Kifua kinaendeleaje? Na kondoo wako, upepo wa huko Patagonia umewabakiza? Sisi tu wazima, ila Idwal anakohoa vumbi la makaa kama kawaida yake, na Mama magoti yanamsumbua kila mvua inaponyesha, yaani kila siku.

Umeniuliza kwa nini sisemi na Gethin, ukanisihi nimwekee nafasi mezani Krismasi hii kwa kuwa ndiye kitinda mimba wetu. Najua ni Mama aliyekuandikia. Basi kaa kitako nikueleze, maana yeye hakukumalizia.

Shemeji yako Idwal unamjua. Kwenye skramu ya raga, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana, hakuna mahali asipopaweza: mbele, katikati, nyuma, popote utakapomweka atasukuma. Wateuzi wa timu ya taifa walimsifu kwa hilo, na hilohilo ndilo lililommaliza. Aliyejua nafasi moja alipewa jezi, akacheza, akatunukiwa kofia ya taifa. Idwal, kwa kuwa anazijua zote, wakamfanya mchezaji wa akiba, akae tayari mtu akiugua. Na mchezo wenyewe ukishaanza hakuna kubadilisha mtu, hata avunjike shingo. Miaka yote hiyo amesafiri na viatu vyake, amekaa jukwaani ndani ya koti, na kuvirudisha visafi. Wenzake mgodini wakambandika jina.

"Bwana Koti! Jukwaa la juzi lilikuwaje, lina joto?"

Yeye alicheka nao. Mimi nilikuwa nawatukana moyoni, Mungu anisamehe.

Februari wakamteua Gethin kwa mechi ya taifa. Gethin huyuhuyu ambaye Idwal alimfundisha kuinamisha mgongo kwenye skramu kabla hajaota ndevu! Siku chache kabla ya mechi, gogo la mgodini likamponda mbavu. Alichotakiwa kisheria ni kumwambia katibu wa timu tu, na Idwal angevaa jezi. Akanyamaza kimya.

Mpira haukuchezwa hata robo saa, Gethin akaanguka. Idwal mwenyewe ndiye aliyeteremka jukwaani na koti lake kusaidia kumbeba. Wenzetu wakabaki kumi na wanne, wakafungwa vibaya. Daktari alipoifungua jezi akakuta mbavu zimefungwa vipande vya shuka yenye nyuzi za buluu ukingoni. Ifor, ule mshono naujua. Ni wa Mama.

Nilimwendea. Alikuwa anamenya viazi, wala hakusimama.

"Mwanangu alitaka kofia yake ya taifa. Ulitaka nifanyeje?"

"Na mume wangu je, Mama?"

"Idwal atapata nyingine."

Hakupata. Ametimiza miaka thelathini na minne, na wateuzi sasa wanawatazama vijana.

Mgodi ulipofungwa Septemba, akakubali kwenda kaskazini mwa Uingereza, kwenye raga ya kulipwa. Unajua huku kwetu, ambako raga haichezwi kwa pesa, aendaye huko hana tofauti na msaliti. Hakuna klabu inayomruhusu tena kukanyaga mlango wake. Hata hivyo Jumamosi alikwenda klabuni kuwaaga wenzake. Aliyesimama mlangoni kumzuia ni Gethin, siku hizi ni mjumbe wa kamati. Nyuma yake ukutani wameitundika ile kofia ndani ya kioo.

"Usinichukie, shemeji. Sheria ni sheria."

Mbele ya watu wote! Kijana ambaye kofia yenyewe aliipata kwa kuvunja sheria!

Idwal alirudi, akala supu yake ya kondoo hadi mwisho. Kisha akaniambia nisimchukie mdogo wangu, kwamba hata yeye angejifunga mbavu akacheza.

Uongo mtupu, Ifor. Nimekaa naye miaka tisa. Mtu huyu hata kiti cha garimoshi hamtangulii mwenzake. Alisema vile ili mimi nisiwapoteze ndugu zangu, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza.

Tunahama Jumatatu. Krismasi tutaandaa meza huko kaskazini, Halifax, na Mama akitaka kuja nitamtumia nauli. Gethin simtaki, na wewe usiniombe tena.

Nisalimie wifi Delyth, na Owain mdogo mbusu shavuni. Mwenyezi Mungu awalinde ninyi na mifugo yenu huko mbali.

Ni mimi dada yako akupendaye sana,
Ceinwen