Kwa Dada Natalia, Aliyefukuzwa Ghalani

Dada Natalia wangu,

Shikamoo. Najua huko uliko hutaki tena habari za kijiji chetu, na sikulaumu. Lakini hii nataka uisikie kutoka kwangu, na nimeiandika wazi ili wale waliokuwepo waisome pia.

Unakumbuka tulivyolikuta lile ghala? Ushirika ulikuwa umekufa, wafanyabiashara wananunua mazao yetu barabarani, na ghala limebaki la popo. Wewe ulikuwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam. Ulikuja likizo na kompyuta mbili chakavu ulizopewa na mwalimu wako, umezifunga kwenye blanketi kama watoto wachanga. Sisi wasichana wa sekondari tulifagia mavi ya popo huku tunakohoa, na wewe ukaazima jenereta kwa mjomba wako.

Asubuhi ulitufundisha kuchapa. Mchana ulizima mashine na kututoa nje. "Mashine haina bibi," ulisema. "Wewe unaye. Nenda kamuulize, halafu uje uandike."

Bibi yangu alinielezea nyumba yao ya zamani, iliyochimbwa ndani ya mteremko, paa lake la udongo likiota majani hadi mbuzi wa jirani wakapanda kulisha juu ya vichwa vyao. Nilipokusomea ulicheka, ukashika mbavu. Kisha ukauliza, "Na siku walipoambiwa wahamie vijiji vya ujamaa, alijisikiaje?" Sikujua. Ukanirudisha kwake. Jioni hiyo bibi alilia mbele yangu kwa mara ya kwanza, na maneno yake niliyachapa yote, herufi kwa herufi, kwa vidole viwili.

Likizo ilipoisha ulimkabidhi mwenyekiti wa kijiji ufunguo. Alikuahidi mbele yetu kwamba tutaendelea.

Dada, hata mvua hazijaanza, ghala likawa banda la video. Bibi alipofariki, nilikwenda kunakili maneno yake ili yasomwe siku ya mazishi. Harufu ya mle ndani ninayo puani mpaka leo: pombe iliyochacha, jasho, na mkojo wa pembeni. Mate yalikuwa sakafuni tulipokuwa tunakaa. Kwenye kompyuta yetu ilikuwa inachezwa picha chafu, mchana kweupe, na wanaume wa rika la baba yangu hawakuona haya hata ya kugeuza shingo nilipoingia. Mwenyekiti alikuwa anatafuna nyama, mafuta yanamtiririka kidevuni.

"Hadithi za bibi zenu nilishazifuta," akasema. "Zilikuwa zinajaza nafasi."

Nilitoka nikatapika ukutani.

Uliporudi likizo iliyofuata na kumuuliza, aliitisha mkutano. Unajua alichosema, sitakurudishia chote. Kwamba uchafu ule uliuleta wewe kutoka Dar. Kwamba binti mwenye adabu hajifungii ndani na wasichana wa watu, na usikanyage tena ghalani. Na waliokuwa wanatikisa vichwa kumkubali ni wale wale niliowaona bandani! Nilipiga kelele, "Mwongo!" Baba mdogo akanizaba kofi. Ukaondoka asubuhi kwa miguu kuelekea Dongobesh kupanda basi, begi begani, na hakuna mtu mzima aliyekusindikiza.

Sasa mimi ndiye niko chuoni. Likizo hii nimekuta mwenyekiti anatafuta udiwani. Ghala limepakwa rangi, wageni wamealikwa, ng'ombe amechinjwa. Alisimama akasema yeye ndiye mwanzilishi wa elimu ya kompyuta hapa kwetu tangu mkoa wa Manyara ukiwa mchanga. Halafu akaniita jukwaani, eti mimi ni matunda yake, nitoe ushuhuda.

Nilipanda. Aliinamisha kichwa akingojea shikamoo. Sikumpa. Watu waliguna, maana hilo kwetu halijapata kuonekana.

"Aliyetufundisha ni Natalia," nikasema kwenye kipaza sauti. "Huyu alifuta maneno ya bibi yangu ili aonyeshe uchafu, kisha akampaka Natalia uchafu huo. Na nyinyi mliokuwa mnatazama mnajijua."

Walizima kipaza sauti. Nikaendelea kwa sauti yangu mpaka wakanishusha. Kisha, dada, wakala nyama. Wakanawa mikono, wakala, wakacheka, kama vile nilikuwa nimetangaza mbuzi aliyepotea. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote.

Asubuhi yake mwenyekiti alimtuma mjumbe nyumbani: niende nikaombe radhi, la sivyo familia yetu itatengwa. Nilimtazama mama. Unamjua mama, ni mwoga wa maneno ya watu, na siku ile ya mkutano alikaa kimya. Alijifuta mikono kwenye kanga, akasimama mlangoni.

"Kamwambie mwanangu hajasema uongo," alisema. "Na Natalia naye hakuwa mchafu. Mwambie nimesema mimi."

Mjumbe akatega sikio kama mtu asiyesikia vizuri. Mama akarudia, kwa nguvu zaidi, mpaka majirani wakatoka nje.

Sikuombi urudi. Huenda atashinda udiwani, na bado nitakuwa nageuza uso nikipita pale. Ila jina lako limetajwa kwa usafi hapa kijijini, kwa sauti, na mtu mzima.

Baki salama, dada.

Mimi mdogo wako, uliyemfundisha kuandika.