Ya safari au ya uchi?

Jumamosi jioni, Bunia. Asubuhi ilinyesha vibaya, kisha jua likatoka kama vile hakuna kilichotokea. Suruali yangu ina matope hadi magotini na sijaenda kuibadilisha. Nimekaa tu mezani, natabasamu peke yangu.

Leo nilikwenda kuchagua pikipiki.

Habari hii imeninyima usingizi tangu nijue kwamba zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa wanawake wa sokoni, imefika. Pale mtaa wa Saio kwa Kambale, anayeleta pikipiki zilizotumika kutoka Kampala, zimesimama mbili ubavu kwa ubavu. Injini ni ile ile, kubwa, ya kutisha. Kiwanda ni kile kile. Lakini moja imevikwa: ina kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ya pembeni, na kiti kipana ambacho nyuma kimeinuka, kina egemeo na vishikio vya abiria. Kambale anaiita routière, ya safari ndefu. Nyingine ni roadster. Haina kitu. Injini yote iko nje, taa moja ya mviringo, kiti kifupi. Mafundi wake wanaiita "ya uchi", na kila wakiitaja mbele yangu wanaomba radhi.

Nilitaka ile ya uchi. Niliitaka tangu siku ya kwanza na sikumwambia mtu.

Nilinyamaza kwa sababu ya baba mkwe. Mimi nimezaliwa Butembo, kwa watu wa biashara, nyumba ya kelele, kila mtu anaongea na kila mtu. Nikaolewa na watu wa ng'ombe kutoka Boga. Kwao, mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Hakai naye kiti kimoja. Anateremsha sauti akiwa karibu naye, na wakiwa na jambo la kuambiana, maneno yanapitia kwa mtu wa tatu. Mzee akija kwetu, akitaka chai, anamwambia binti yangu, "Neema, uambie mama yako aniletee chai." Mimi niko pale pale, nasikia vizuri kabisa, lakini nangoja Neema anifikishie ujumbe. Neema akiwa shuleni, mzee anauambia mlango. Zamani nilikuwa nakimbilia chumbani kucheka kwenye mto. Siku hizi nasikiliza tu kile mlango unachoambiwa, naenda kuchemsha maji.

Sasa tazama shida yetu. Mzee anaishi mtaa wa Bigo kwa binti yake, yaani wifi yangu, na raha yake kubwa ni kwenda nje ya mji kutazama ng'ombe za ndugu yake. Mume wangu anaogopa pikipiki na wala hafichi. Dereva wa familia ni mimi. Lakini kwenye pikipiki yangu ndogo abiria na dereva wanabanana, hakuna namna. Basi mzee anapanda teksi ya pikipiki, na mimi nampita njiani na kiti kitupu. Majirani hawaelewi. Wanaona mkwe mwenye roho mbaya.

Kwa hiyo familia ilipokaa na kuzungumza, iliamuliwa haraka: routière. Kile kiti kilichoinuka, lile egemeo, vile vishikio! Mzee atakaa nyuma kama kwenye kiti chake cha nyumbani, bila kunigusa hata kwa kidole. Wifi alipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Nakiri hapa, kwa kuwa nyumbani hakuna anayesoma blogu hii: nilipiga makofi na moyo ukashuka.

Leo ikawa siku ya kujaribu. Mume wangu alikubali kukaa nyuma ya routière badala ya baba yake, tuone kama heshima inatosha. Tulizunguka Saio polepole. Alishika vishikio kwa mikono yote miwili, akaegemea, akawa anawainamishia watu kichwa kama askofu anayetembelea parokia. Hakunigusa hata mara moja, ingawa tulipofika kwenye mashimo alitaja majina ya watakatifu wengi. Tuliporudi nikamwambia Kambale, sawa, niandalie hii.

Kisha nikasema nijaribu na ile nyingine. Nisije nikajiuliza baadaye, nilimwambia. Alinitazama, akanipa ufunguo.

Jamani.

Sijui niandikeje. Nilitoka polepole hadi kwenye lami, halafu barabara ikanyooka, nami nikafungua. Upepo ulinijia kifuani wote. Hakuna kioo, hakuna sanduku, hakuna mtu wa kumfikiria huko nyuma. Niliiinamisha kwenye kona nayo ikainama. Nilianza kucheka ndani ya kofia ngumu, nikacheka kama nilivyokuwa nacheka Butembo nikiwa msichana, kwa sauti, hata mwanamke mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani akasimama kunitazama. Nilirudi hadi kwa Kambale bado nacheka. Niliingia uwanjani nikavua kofia, nikapiga kelele, "Kambale, hii ni kitu ya Mungu!"

Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele yangu.

Wifi alikuwa amemleta aione "moto yake", maana hapa kwetu pikipiki tunaiita hivyo. Kumbuka mimi niko na suruali. Sina kitambaa kichwani. Nimecheka na kupiga kelele mbele ya baba wa mume wangu, na kicheko chenyewe bado hakijaisha. Nilishuka nikajificha nyuma ya pikipiki, lakini mtu anajifichaje nyuma ya kitu ambacho hakina hata kioo? Mafundi waligeukia zana zao. Mume wangu alikuwa anatazama mawingu.

 Mzee akanyoosha fimbo yake, akagonga taa ya ile ya uchi, taratibu, kama anaita mtu mlangoni.

"Weye moto," akasema. "Uambie Mama Neema: tangu alifika kwetu, nilikuwa najua iko na sauti ya kidogo. Nilikuwa nafikiri ni siye tulimuzimisha. Leo nimesikia yake ya kweli."

 Akaigonga tena.

"Ile ingine ni ya kunibeba miye. Miye nitabebwa na taxi, kama batu bote. Hii ni yake. Akamate hii."

"Lakini papa," wifi akasema, "na ngombe tutaenda kuziona namna gani?"

"Ngombe haziendi pahali yoyote."

Miaka yote hii niliamini kwamba mzee ananivumilia. Nilidhani ule ukimya ni hukumu: mgeni, mtu wa soko, mtoto wa nyumba ya kelele. Kumbe alikuwa ananihurumia, na hakuwa na njia ya kuniambia, kwa kuwa jambo kama hilo halipiti kwa mtoto wala kwa mlango.  Nilishika usukani nikainama kwenye ile taa.

"Moto," nikasema, "uambie muzee aksanti. Aksanti sana."

"Nimesikia," mzee akaiambia taa.

Hapo ndipo wote waliangua kicheko, Kambale, mafundi, wifi mwenyewe, na mume wangu aliyetoka mawinguni akanishika bega. Nilicheka nao. Sikufunika mdomo.

Sasa iko uani, imeegeshwa chini ya dirisha la jikoni. Kila baada ya mistari miwili nainuka kwenda kuichungulia. Najiuliza kama nimekuwa mchoyo, kama mwanamke mwenye akili angechukua ile yenye masanduku. Labda. Niulizeni wakati wa matope makubwa.

Ila kesho kabla ya misa, mji ukiwa bado unapiga miayo, nitaitoa nje. Sina mzigo wa kupeleka wala mtu wa kumchukua. Naenda tu.