Seti ya Vipande Vinne

Jumatatu, 5 Juni 1995

Nimevaa shati la kazini tena. Nimetoka saa moja na nusu kama kawaida — kwenda wapi? Wiki ya tatu sasa tangu Ushirika utupunguze, na miguu yangu bado haijapata habari. Imenifikisha mpaka getini. Mlinzi ni mpya, hanijui. Afadhali.

Msimu wa pamba huo unakuja na mimi simo! Miaka kumi na tisa, mwezi wa sita nilikuwa sipati hata nafasi ya kunywa chai. Malori, stakabadhi, simu inalia. Sasa wanunuzi binafsi wanapita na pikapu zao. Karani wa Ushirika wa nini?

Nikaingia duka la redio mtaa wa Rufiji. Kupoteza muda tu. Nimetoka humo saa sita!

Kuna vitu viwili. Redio kaseti kubwa, kila kitu ndani kwa ndani: redio, nafasi mbili za kanda, spika zake, mpini wa kubebea, na betri nane ukitaka. Halafu kuna seti ya vipande. Amplifaya peke yake, deki peke yake, spika mbili zinanifika kiunoni. Mwenye duka akapiga kanda ile ile, kwanza huku, kisha kule. Kwenye redio kaseti nilisikia wimbo. Kwenye spika nilimsikia mpuliza tarumbeta akivuta pumzi. Naapa!

Kiinua mgongo kipo benki. Mke wangu Hellen, kule kisiwani Nansio, hajui. Sijui naanzia wapi kumwambia.

Jumanne, 6 Juni

Kirumba, kwa Ooko, fundi redio. Nilimfahamu enzi akitutengenezea redio za upepo pale kazini. Nikamuuliza: kipi? Hakuinua hata kichwa. Alisema redio kaseti ikikorofisha kidogo inakaa kwa fundi yote, nyumba kimya. Ya vipande kinakufa kimoja, unamletea hicho kimoja. Nikafurahi. Ndicho nilichotaka kusikia.

Kisha akaweka bisibisi chini.

"Mama Queen kule Nansio ana umeme?"

"Hana. Nyumba ya walimu ile. Lakini mimi naiweka hapa."

"Hapa wapi, Alex? Nyumba si ya Ushirika? Si mmeambiwa mtoke mwisho wa mwezi?"

Nikamwambia nitapanga Buswelu. Buswelu! Simjui mtu hata mmoja Buswelu. Neno lilitoka tu.

Nimerudi kwa miguu. Nimezunguka soko mara mbili bila kununua kitu.

Alhamisi, 8 Juni

Barua ya Hellen, imeletwa na mtu wa melini. Shule zinafungwa kesho. Anakuja Jumamosi, Queen atabaki kwa bibi yake. Chini kabisa ameandika: ukipita madukani niangalizie redio kaseti ya betri, hata ndogo, watoto wa kwaya wajisikie wanavyoimba. Na tena: mwalimu mkuu ametuongezea chumba. Njoo ukione.

Chumba!

Miaka saba yeye kisiwani, mimi mjini. Mtu akiuliza kulikoni, tunajibu: kazi. Jibu zuri lile, halina swali la pili. Sasa nijibu nini? Mwanamume akakae nyumba aliyopewa mkewe? Asubuhi mke anakwenda kufundisha, mume anabaki kufukuza kuku?

Redio ya betri inakaa popote. Ndiyo ubaya wake.

Ijumaa, 9 Juni

Nimenunua. Ya vipande!

Mkokoteni mzima, makasha manne. Ooko kaja kuunga nyaya. Tulipowasha, vioo vya dirisha vililia. Nikacheza peke yangu katikati ya sebule, mtu mzima, soksi miguuni. Kwa muda wa kanda moja, upande mmoja, nilikuwa mtu mwenye nyumba.

Ooko hakucheza. Alisema tu nisitupe makasha. Kisha akaaga.

Upande wa pili sikuugeuza.

Jumamosi, 10 Juni

Hellen amefika. Mkononi magunia mawili matupu na kamba. Nikadhani ya mchele.

Alisimama mbele ya spika, kama mtu anayesoma tangazo. Nikampigia kanda. Alisikiliza mpaka mwisho — hilo nalo niandike, alisikiliza kweli, na kidole kilikuwa kinagonga meza. Akasema ni nzuri sana.

Kisha: "Baba Queen, wale wa ghala la pamba Nansio walipata barua siku moja na wewe. Ulifikiri siwaoni sokoni?"

Nikainama kuzima amplifaya.

"Wiki tatu nasubiri barua yako. Nikasema labda anatafuta maneno. Kumbe unatafuta spika."

Magunia ni ya vyombo vyangu. Alikuja kunifungia mizigo.

Jumapili, 11 Juni

Amekwenda misa. Mimi sikwenda. Aliporudi alianza na sufuria. Nikamwambia sijasema naondoka. Akasema, sawa, sema basi unabaki. Sikusema. Akaendelea na sahani.

Jumatatu, 12 Juni

Dukani naye. Yeye akabaki kivulini nje. Mwenye duka ni mwungwana: makasha yapo, kitu hakijakwaruzwa, nirudishe leo nichukue redio kaseti na chenji yangu. Jambo jepesi kabisa! Akaishusha ile ya mpini, akaifuta vumbi, akaiweka mbele yangu. Nikaishika. Nyepesi.

Nikamwambia nitafikiri.

Nje Hellen akauliza nimejibu nini. Nikamwambia. Akacheka, si kicheko cha kufurahi. "Mimi kesho nina meli. Wewe fikiri."

Jumanne, 13 Juni

Gatini. Tumekuja na mkokoteni, kila kitu, hata kitanda. Namna gani nilikubali kupakia? Sikukubali. Nilikuwa nashika upande wa pili tu, yeye akishika wa kwanza.

Pale langoni nikasimama. Nikamwambia ukweli, kwa mara ya kwanza: naogopa. Kule nitakuwa nani? Hakunibembeleza. Alisema hata yeye alipofika Nansio hakuwa mtu, alikuwa mwalimu mgeni na mtoto mgongoni, na mimi sikuwepo kuona alivyolia. Akasema umeme utakuja au hautakuja, spika zinaweza kukaa hata zikafunikwa vitambaa. "Lakini mimi nabeba ninachoweza kubeba. Vilivyobaki ni vyako."

Amekata tiketi mbili. Moja ipo mfukoni mwangu. Akajitwika amplifaya, deki chini ya kwapa, akapanda. Sufuria na kitanda wachukuzi wameshapandisha.

Nimebaki na spika. Nimekalia moja, naandika juu ya nyingine. Honi ya kwanza imelia. Naona kitambaa chake cha njano pale juu, hatazami huku, anapanga mizigo ili ibaki nafasi.

Mchukuzi amekuja tena. Anauliza, mzee, hivi vinapanda au havipandi?

Nimemwambia angoje nimalize kuandika. Amekaa chini. Anachungulia daftari langu.

Honi ya pili —