Herufi Bure, Jogoo Ana Bei

Jumanne, Agosti. Upepo tangu alfajiri, ule wetu wa Singida unaobeba vumbi na kulibandika kwenye rangi mbichi. Nimeamka na hasira na mpaka saa hizi haijaisha.

Nianze na mchezo, maana ndio ulionichokoza.

Kwenye kafe ya intaneti ninakoandikia haya kuna kompyuta moja ya mtumba iliyokuja na mchezo ndani yake. Unajenga nyumba, unaweka mtu, unamwambia ale, alale, aende kazini. Mtu wangu nilimpa kazi ya kuchora tu. Akimaliza picha, mchezo unataja bei na kuinunua hapohapo. Mwanzoni picha zake ziliuzwa bei ya kutupa. Turubai ni ileile, ukubwa uleule, lakini kadiri alivyozidi kujifunza bei ilipanda. Nikamnyima usingizi ili achore zaidi. Akachora kwa kisirani, bei ikashuka. Yaani bei ya kule inaangalia mkono wake na moyo wake. Tena mchoraji akifa, picha zake zinapanda thamani. Hilo halikunishangaza, hata huku kwetu watu husifiwa msibani.

Kilichonikera ni kwamba kule hakuna anayehesabu herufi.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Nilifundishwa na baba mdogo, na karakana ni yake. Mjini hapa bango hulipiwa kwa herufi. Picha ni nyongeza, kama nyanya moja ya juu unayopewa sokoni. Siku hizi kila mwenye chumba kinachotazama barabara amefungua biashara, na wote wameujua ujanja. Wanaandikisha KARIBU badala ya KARIBUNI ili kuokoa herufi mbili, halafu wanataka ng'ombe mzima. Kuna mmoja aliandikiwa neno moja tu, KINYOZI, akachorewa vichwa vinne na mitindo yake.

Nakiri hapa, kwa sababu sijawahi kukiri kokote: vichwa vile nilichora mimi. Picha zote za karakana yetu nachora mimi. Baba mdogo ana herufi safi kuliko mtu yeyote mjini, lakini kuku wake anafanana na birika. Wateja wanadhani ni mkono wake, nami nimekaa kimya miaka sita.

Jana akaja Mzee Shabani, mwenye mgahawa wa kuku wa kienyeji stendi. Nikampa shikamoo, akaketi, akaagiza bango: KUKU WA SHABANI, na jogoo mkubwa katikati, mkia wa rangi tatu, manyoya yahesabike. Nikajikuta nasema, "Mzee, herufi nitakuandikia bure. Jogoo ndiye mwenye bei." Nikaitaja.

Akacheka. "Binti, picha imeanza kulipiwa lini?"

"Leo, mzee."

Akanyanyuka, akamfuata baba mdogo uani, wakamalizana kwa utaratibu wa zamani.

Asubuhi hii nimekuta bango limeegeshwa mahali pangu. Herufi zimekauka, katikati peupe. Baba mdogo akaniambia nimalizie jogoo, mzee anakuja saa tisa. Nikamwambia sichori.

Sijawahi kumkatalia mtu mzima kitu.

Akanisema kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia akikasirika kweli. Kwamba yeye ndiye aliyenishikisha brashi. Kwamba baba yangu alipofariki ni yeye aliyenichukua. Yote ni kweli, na ndiyo maana yaliniuma. Akamaliza kwa kusema kama sichori, kesho nisije. Mimi sina karakana nyingine, wala kopo la rangi ambalo si lake. Nikaendelea kuosha brashi.

Akachukua chaki mwenyewe. Akachora mgongo wa jogoo, akautazama, akaufuta kwa kiganja. Hakurudia.

Saa tisa Mzee Shabani akafika. "Jogoo wangu yuko wapi?"

Baba mdogo akasema bila kunitazama, "Muulize huyo. Majogoo wote wa hapa ni wake."

Alisema kwa hasira. Lakini alisema, mbele ya mteja.

Mzee Shabani akanitazama, akaliangalia bango, akaniuliza tena bei. Nikamtajia ileile ya jana. Akasema atafikiria, akaondoka, bango akaliacha. Sijui kama atarudi. Baba mdogo hajanisemesha tangu hapo, na lile neno lake la kesho hajalifuta.

Naogopa, nisijidanganye. Ila kushusha bei sishushi.

Saa mbili asubuhi nitakuwa pale kama siku zote. Nikikuta mlango umefungwa, nitaazima rangi, nitafute ubao, nikae barabarani mkabala na mlango huohuo, nichore bango langu la kwanza. Jogoo tu, bila herufi hata moja. Tuone nani mjini hapa hatajua ni mkono wa nani.