Kidonge cha Hamza na Sauti Yako

Mama,

Miezi minne tangu tukuzike, na bado asubuhi nachemsha chai ya watu watatu. Hamza anakunywa kikombe chake, halafu anakunywa na chako. Simkatazi.

Nina jambo la kuungama. Uliniachia kazi moja tu: kidonge cha mwanao, kila siku baada ya magharibi. "Fungua mdomo, inua ulimi," ulikuwa ukimwambia, ukimtania kwamba hata mbuzi wa jirani anameza haraka kuliko yeye. Nilifanya hivyo hivyo, bila utani. Utani sijauweza.

Arobaini yako ilipokaribia, Hamza akataka kutarizi kofia ya kuvaa kwenye hitima. Unakumbuka kabla hajaugua, mtaa mzima wa Biryogo ulimletea kofia azitarizi. "Dada, hii dawa, mikono yangu iko nzito. Niache kidogo tu, nishone ya Mama." Alijaribu kutunga uzi mbele yangu, vidole vikitetemeka, mpaka akaitupa sindano. Roho iliniuma. Nikavificha vidonge kabatini. Daktari sikumuuliza.

Ungeiona ile mikono, Mama! Baada ya siku chache ikatulia. Alitarizi nusu ya kofia, maua madogo yaliyopangika, akacheka kile kicheko chake cha zamani. Nikajiona mjanja kuliko madaktari wote wa Kigali.

Halafu ukaanza kumwita. "Mama iko na kiu," akaniambia. Kila siku akabeba kidumu cha maji mpaka makaburini. Nilidhani ni huzuni, maana hata mimi nilikuwa nakusikia jikoni. Siku ya arobaini, watu wamekaa mkekani wanasoma, tukaletewa habari kwamba Hamza anafukua kaburi lako kwa mikono, ili maji yakufikie. Nilimkuta kucha zinatoka damu. Alinitazama kama mimi ndiye niliyekuzika hai.

Hospitalini daktari alinieleza taratibu. Sehemu za ubongo zinapelekeana habari, na kwa Hamza habari hizo zimevurugika, wazo lake mwenyewe linamfikia kama sauti ya mtu mwingine. Dawa inaituliza kemikali inayozidisha kelele hiyo. Lakini kemikali hiyo hiyo ndiyo inayoongoza mikono. Kuna ambao kwa dawa mawasiliano hayo hutulia vizuri, kuna ambao hayatulii, na mapema hawezi kujua nani ni nani. Wanaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa, polepole, wakimwangalia. "Ihangane," akaniambia, yaani nivumilie. Nimechoka kuambiwa hivyo, Mama. Nilitaka aniambie la kufanya.

Hamza amerudi nyumbani. Anameza bila ubishi, na vidole vinatetemeka tena. Kofia iko juu ya cherehani, nusu ina maua, nusu nyeupe. Nilijaribu kuimalizia, nikaharibu, nikafumua.

Jana, baada ya kumeza, aliniuliza: "Dada, mbona Mama haongei tena? Nimemkosea?"

Nilimshika mkono mpaka chai ikapoa.

Lala salama, mama yangu. Nakuahidi sitaruka hata siku moja, wala sitabadilisha kitu bila daktari. Leo magharibi nitamwambia tena afungue mdomo, ainue ulimi. Nisamehe. Kila ninapompa kidonge, nakunyamazisha wewe.

Binti yako,
Zaina